Ukiona nyasi ndefu ujue watu wanaogopana

Proposali ya PhD yangu niliiandikia Nairobi, laibrari, meza ya karibu na feni, na ndani yake mlikuwa na mchoro nilioupenda kupita kiasi. Kisanduku cha kushoto UKAME, kisanduku cha kulia VITA, katikati mshale. Basi. Kamati ikautazama ikaitikia kwa kichwa, profesa mmoja akauliza kama mshale hauwezi kunenepeshwa kidogo, nikaunenepesha, nikapita. Nikapanda basi la usiku kwenda Marsabit, kaskazini mwa Kenya, na mshale wangu ndani ya laptopu, nishajua ninachokwenda kukikuta, iliyobaki ni kukiokota tu.

Mie mtu wa Mombasa, nimezaliwa Kisauni, ng'ombe kwetu tunamjua akishafika kwenye sinia. Nalisema mapema ili msome haya mkijua anayeandika ni nani. Sikwenda kule kama mwenyeji, nilikwenda na daftari.

Siku hizi barabara ya Isiolo mpaka Moyale ni lami tupu. Wazee watakuhadithia habari za lori, siku mbili tatu juu ya magunia, vumbi mpaka kwenye fizi, wewe unasinzia Isiolo unaamka unaona ukungu wa mlima wa Marsabit unafikiri uko Limuru. Lakini kaa hata wiki moja tu utamsikia mtu anasema "kesho naenda Kenya," na wala hatanii, anamaanisha Nairobi. Kenya Daun, wanaita. Mara ya kwanza nilicheka. Mara ya tatu nikaandika kwenye daftari. Baada ya mwezi nami nilikuwa nampigia mama simu namwambia mwezi ujao narudi Kenya, mama ananiuliza kwani sasa uko wapi mwanangu?

Nilikuwa na wasaidizi wawili, mmoja Mgabra mmoja Mborana, jamii mbili za wafugaji wa huko, wote vijana wamesoma, wote wanapenda Arsenal, kwa hiyo wote wana subira. Nilipowaajiri nilidhani ni mambo ya lugha. Kumbe lugha ni moja, wote wanasema Kiborana, utani wanaelewana na hata matusi wanaelewana. Shida ni nani anaweza kufika wapi akarudi. Mjini tulikuwa tunakaa meza moja, chai moja, miraa ya mmoja inatafunwa na mwenzake bila ruhusa, alafu tukienda kazini gari linasimama mahali fulani njiani, mahali hapana kibao wala nini, mmoja anashuka anakaa kwenye kibanda cha chai anatusubiri. Hakuna aliyenieleza. Siku ya kwanza niliuliza "mbona anashuka?" nikajibiwa "ana kazi hapa." Kazi ya kunywa chai saa sita. Nikaelewa mwenyewe kufikia jioni.

Sasa ngoja niwape aibu yangu. Kiborana wana neno oola, hilo ni ule ukame wenyewe, ukame wa kuua, si bona ambayo ni kiangazi cha kawaida tu kinachokuja na kuondoka. Na wana neno olla, hiyo ni makazi, kijiji kidogo, nyumba kadhaa za watu wanaohama pamoja. Mtu wa Kisauni anayasikia sawa. Nikawa najiona mtaalamu, nakataa kutafsiriwa swali langu la kwanza, nalisema mwenyewe kwa madaha: katika maisha yako umepitia oola ngapi? Watu wananitazama, wanahesabu vidole, mama mmoja akaniambia arobaini na kitu. Arobaini! Nikafikiri nimegundua jambo, nikawa naandika kwa msisimko mpaka usiku. Wiki mbili nzima. Siku moja yule kijana wa Kigabra akashindwa kujizuia, akaniambia, "Dada, unawauliza wamehamia vijiji vingapi." Data yote ya swali la kwanza ikaenda na maji. Ila baadaye niliirudia, kwa sababu kumbe mama yule alikuwa amenijibu kitu kizito kuliko nilichouliza, na nitafika huko.

Kwenye kijiji kimoja upande wa jangwa la Chalbi nilimkuta mzee amekaa kwenye kigoda chake kivulini. Nikamsalimu, nikatoa fomu ya ridhaa, ile ya chuo, kurasa tatu. Akaniuliza, "Wewe ni wa ngapi?"

Nikasema sijaelewa mzee.

"Walikuja wazungu wawili, akaja mmoja wa Nairobi, wakaja wa shirika na tableti, akaja mwingine alipima maziwa. Wewe ni wa ngapi?" Nikahesabu nikamwambia labda wa tano, mzee. Akasema sawa, andika, lakini yule wa kwanza karatasi zake zilienda wapi?

Sikuwa na jibu na nilimwambia sina. Nafikiri hiyo ndiyo sababu alinipa muda wake.

Nikamuuliza swali langu la mshale. Mzee, ukame ukizidi si ndio watu wanaibiana mifugo? Akanitazama kama unavyomtazama mtoto anayeuliza kwa nini bahari haimwagiki. Akasema, kwa maneno ya msaidizi wangu: "Ng'ombe mbavu nje nani anamtaka? Utamwiba umbebe mgongoni?"

Alafu akaanza kunifundisha uvamizi kama fundi anavyomfundisha mwanafunzi. Kwanza unataka mnyama mwenye nguvu ya kutembea usiku kucha na kesho yake yote, kwa sababu wenyewe watafuata nyayo. Unataka madimbwi ya maji njiani, la sivyo mtakufa nyinyi na wanyama mliowaiba. Unataka kichaka kimeshona majani ujifiche. Unataka mvua inyeshe nyuma yako ifute nyayo. Na unataka vijana wenye nafasi, na kipindi cha ukame hakuna kijana mwenye nafasi, wote wako kisimani au wako fora, yaani ile kambi ya mbali ya mifugo, wanachota maji toka alfajiri. Hivyo vyote unavipata lini? Baada ya mvua. "Wakati wa oola," akasema, na safari hii nililisikia vizuri, "mimi namhitaji adui yangu. Kisima ni chake."

Hapo mshale wangu ukaanza kuumwa.

Kumbe mwenzangu mmoja alishalisema hili kitambo na mie nilimsoma haraka haraka. Wario Adano, mtafiti wa huko huko kaskazini, pamoja na Karen Witsenburg, walikaa na kumbukumbu za Marsabit za miaka mingi, mvua upande mmoja na vifo vya uvamizi upande mwingine, wakaona watu wanauawa zaidi miaka ya mvua nzuri kuliko miaka ya ukame. Walichapisha 2009. Nilikuwa nimeitaja kazi yao kwenye proposali, kwenye mabano, unajua tena tunavyotajana sisi wasomi, kama kupungia mtu mkono ukiwa ndani ya matatu.

Na msinielewe vibaya nikaonekana nimetupa mshale mmoja nikaokota mwingine. Watafiti wengine walipima Turkana, ng'ambo ya ziwa, wakapata kinyume, miezi mikavu ndiyo yenye vifo vingi. Ni watu wengine, mpaka mwingine, ardhi nyingine, na silaha zinaingia kwa njia nyingine. Kwa hiyo anayekwambia "hali ya hewa inaleta vita Afrika" muulize ni wapi, kijiji gani, mwezi gani. Mara nyingi hajui hata wilaya.

Lakini kilichonikalisha chini ni Turbi.

Turbi ni kijiji kiko kando ya hiyo barabara ya Moyale, mlima mdogo nyuma yake. Alfajiri ya tarehe 12 Julai 2005 watu wenye bunduki walikivamia, wakaua zaidi ya watu 50, wakiwemo watoto wa shule ya msingi, wengi waliouawa ni Wagabra. Baada yake wasafiri wa Kiborana wakauawa Bubisa kulipiza kisasi. Kila mtu mzima wa Marsabit anajua alikuwa wapi siku hiyo. Sikuwahi kuuliza swali la Turbi kwenye fomu, sikuthubutu, lilikuja lenyewe, nauliza habari za chanjo ya mbuzi mtu ananijibu "hiyo ilikuwa kabla ya Turbi."

Basi nikachukua kalenda. Turbi ni Julai 2005. Mvua za vuli za mwaka huo ndizo zilizokosa, na mwanzoni mwa 2006 ndipo serikali ikatangaza ukame ni janga la kitaifa. Mauaji yametangulia. Watu walishakimbia, visima vya katikati havikanyagwi, njia za mifugo zimefungwa kwa woga, ndipo mvua ikakataa. Mfugaji mbinu yake ya kwanza ya ukame ni kuhama. Ndiyo yule mama aliyeniambia arobaini na kitu! Nilimuuliza kimakosa amehama mara ngapi, na hiyo ndiyo hesabu ya namna alivyobaki hai. Sasa mzuie mtu wa aina hiyo asihame, kwa sababu ng'ambo ya kilima kuna mtu atampiga risasi, alafu leta kiangazi ambacho mwaka mwingine angekipita tu kwa kubana mkanda. Kitamuua.

Mshale ulikuwepo, nilikuwa nimeuchora ukitazama nyuma.

Aprili 2006 wanasiasa wa kaskazini wakakubali kukaa pamoja kusuluhisha. Tarehe 10 ndege ya jeshi la anga iliyowabeba ikagonga mlima wakati inatua Marsabit, ukungu umetanda, watu 14 wakafa, wabunge watano ndani yake, Bonaya Godana aliyewahi kuwa waziri wa mambo ya nje, Mirugi Kariuki, Abdi Sasura, Guracha Galgallo, Titus Ngoyoni. Wabunge waliokuwa wamekamatana mashati bungeni na kwenye magazeti wakafa kwenye ndege moja wakienda kwenye mkutano wa amani. Mama muuza maziwa mjini aliniambia hajawahi kulia kwa ajili ya mwanasiasa kabla wala baada. Ilichukua mpaka 2009 wazee wa Kiborana na wa Kigabra wakaandikiana makubaliano Maikona, ya faini za mifugo, nani akiua alipe nini, nani akificha mwizi afanywe nini, na watu wengi kule wanayaheshimu hayo kuliko hukumu ya mahakama.

Habari ya nyasi sasa. Tangu 2010 Marsabit ina bima ya mifugo ya setelaiti, ilianzia huko kwa kazi ya ILRI, taasisi ya kimataifa ya utafiti wa mifugo. Wazo lake zuri sana enyewe: setelaiti inapima ukijani wa ardhi, ukishuka chini ya kiwango fulani mwenye bima analipwa, hakuna haja ya mtu kuja kuhesabu mizoga. Nilikuwa na ramani za ukijani kwenye laptopu, nazifungua jioni hotelini chaji ikiwepo. Katikati ya ukame, mwaka 2021 unaisha, kila kitu kwenye ramani ni rangi ya biskuti, lakini kuna kipande kimoja kati ya jamii mbili kimebaki kijani kibichi. Nikafurahi, nikasema hapa kuna makosa ya setelaiti au kuna muujiza, kesho yake nikamwonyesha mfugaji mmoja, mwanamume wa makamo, kwenye skrini pale chini ya mti. Nikamuuliza, huku kuna malisho, mbona wanyama wako wanafia hapa?

Hakuhitaji ramani kumwambia ni wapi. Akasema, "Huko nyasi zinafika kiunoni. Ukiona nyasi ndefu ujue watu wanaogopana."

Nilifunga laptopu. Mizoga yake ilikuwa hapo nyuma ya boma, mbuzi sita na ngamia mtoto, ngozi imekauka juu ya mifupa kama turubai juu ya fremu, na upepo ukivuma unasikia ule mlio wa ngozi. Harufu hakuna tena. Hiyo harufu kukosekana ndiyo iliyonikaa kichwani, maana yake walishakufa siku nyingi na hana pa kuwapeleka walio hai.

Na setelaiti ikipita juu ya hapo inahesabu kijani. Inaona nyasi, haioni bunduki. Sikatai bima, nimeona watu wamelipwa wakanunua unga na dawa, ila hicho kipande cha kijani kinaingia kwenye wastani wa eneo kana kwamba kuna mtu anakilisha.

Nikaanza kutafuta hizo nyasi ndefu kila mahali. Nyingine ziko mpakani kabisa. Mpaka wa Kenya na Ethiopia ule mnaouona kwenye ramani ulikubaliwa 1907 kati ya Waingereza na mfalme Menelik, na toka hapo watu wakaambiwa huyu wa huku yule wa kule, wakati Wagabra mlima wao mtakatifu Forole uko ng'ambo, upande wa Ethiopia, na visima vikubwa vya Waborana, vile virefu ambavyo vijana wanasimama mmoja juu ya mwenzake wanapasiana ndoo wakiimba, viko ng'ambo pia. Mkoloni akafunga kaskazini yote, kuingia na kutoka kwa pasi, kila kabila na eneo lake la kulisha limechorewa mstari. Uhuru ukaja na vita vya shifta, wale waliotaka kaskazini ijitenge na Kenya, ukaja na sheria za hali ya hatari ambazo hazikuondolewa mpaka 1991. Mwaka huo huo Mengistu akaanguka Addis na Siad Barre akaanguka Mogadishu, na silaha za majeshi mawili zikatafuta wanunuzi. Kabla ya hapo mwizi wa mifugo alikuwa na mkuki. Wazee wote niliozungumza nao, pande zote, walikuwa na sentensi hiyo moja.

Kwa hiyo mtu akija na ripoti ya kurasa mia akaniambia kinachowagombanisha ni maji, nakasirika kidogo, kwa sababu mvua haina mbunge, haina jenerali, haishtakiwi. Ukilisema "ukame" umemsamehe kila mtu.

Nisiwe mwongo lakini. Mei 2022 mshale wangu ulijaribu kufufuka. Msimu wa nne wa mvua ulikuwa umekosa, wa tano unakuja, mifugo inakufa kwa mamia ya maelfu, mpaka mwisho wa ukame ule Kenya ilikuwa imepoteza zaidi ya milioni 2, na wakati huo huo mauaji Marsabit yalizidi mpaka serikali ikaweka kafyu, jioni mpaka asubuhi, siku 30. Nimo ndani ya chumba changu saa kumi na mbili na nusu, mlango umefungwa, natazama mchoro wa zamani. Ukame huu hapa. Mauaji haya hapa. Supavaiza akaniandikia barua pepe, kwa upole, kwamba labda niliharakisha kuutupa.

Nikawauliza watu, nini hiki, njaa? Hakuna aliyenijibu njaa. Muuza duka akanionyesha ukuta wa ng'ambo ya barabara, umebandikwa mabango ya wagombea mpaka rangi haionekani. Uchaguzi ulikuwa Agosti 9. Toka ugatuzi uje 2013 gavana ana bajeti, ana kandarasi, ana ajira, na kabila lililokosa kiti linakosa miaka mitano. Mwingine akanihesabia: nani anauawa, wapi, kata gani, kura ngapi zinahama watu wakikimbia. Sikuweza kuthibitisha hesabu yake na sikuiandika kwenye tasnifu. Ila niliona kwamba waliokuwa wanauawa wengi walikuwa wanauawa mlimani na kandokando ya mji, penye kura na mashamba, na kule jangwani kwenye ukame wenyewe mkali, watu walikuwa wanabembelezana wapeane maji. Yule kijana wa Kiborana mwezi huo alinipeleka kwa shangazi yake anayeishi karibu na visima vya watu wengine kabisa, tukakuta amekaribisha ngamia wa familia ya Kigabra kwenye zamu yake ya maji. Nikamuuliza mama, si mna vita? Akasema vita viko mjini, hapa tuna kiu.

Mie nilikuwa na kurasa 300 na sikuwa na sentensi nzuri kama hiyo.

Nilitetea tasnifu, nikapita, na mchoro kwenye toleo la mwisho una mishale kumi na moja, hausomeki, mtahini wa nje alisema hausomeki na nikamwambia ndiyo. Nakala moja nilimpelekea yule mzee, nimeichapisha na kuiweka jalada gumu, nikatafsiriwa muhtasari kwa Kiborana kurasa nne. Mjukuu wake alimsomea. Alisema mimi ni wa kwanza kurudisha karatasi, alafu akauliza kama chuo kinaweza kuchimba kisima. Hakiwezi.

Machi 2023, niko Mombasa, nyumbani, mwezi wa Ramadhani unaanza, simu ikaita usiku, kijana wangu wa Kigabra. Nyuma yake kelele kama mtu anamwaga mchele kwenye bati. "Unasikia?" Mvua. Miaka mitatu karibu. Nikapiga kelele mpaka mama akatoka chumbani, nikamwambia mama kumenyesha Marsabit, mama ambaye hajawahi kufika huko akainua mikono akashukuru Mungu. Nikarudi kwenye simu nikamwambia hongera bwana, sasa mtapumua.

Akasema, "Mungu amejalia." Kisha akanyamaza, nikasikia mvua tu. "Nyasi zikishatoka, kama wiki tatu hivi, vijana wataanza kulala nje na mifugo. Zamu tushapanga. Mimi niko Jumanne na Ijumaa."